Usimwambie Daktari

Kitengela,
17 Novemba 1997

Kwako Paker,

Zile salamu za shule, za natumai u mzima kama mimi, leo siandiki, kwa sababu mimi si mzima na wewe unajua. Lakini nacheka. Tangu asubuhi nacheka mpaka wateja hapa hotelini wananiuliza kama nimeokota kitu.

Nimepata daktari!

Huyu ni wa tatu. Wa kwanza unamkumbuka, yule aliyeigusa hii goita yangu kwa kidole kimoja kama mtu anayeonja supu ya moto, halafu akasema nirudi nyumbani nipunguze uzito kwanza. Wa pili hata kugusa hakugusa. Nilipanda kwa mzani wao, mshale ukaenda ukagonga mwisho, na karani wa pale akaita mwenzake, "Huyu mpeleke kwa mzani wa mahindi!" Benchi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, Paker. Ningefanya nini? Nilicheka nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya kibanda cha viazi.

Basi nikapunguza. Nimekula kabichi mpaka nikanuka kabichi. Mimi, ninayepikia watu wa mjengo chapati na maharagwe kutwa nzima, nikanywa maji ya moto na limau. Mwili ulibaki palepale na goita ikanenepa. Sasa imeshuka mpaka kwenye kola, leso haiifichi tena.

Huyu mpya anaitwa Daktari Gakuru, yuko hospitali moja kubwa Nairobi. Hakutaja mwili wangu hata mara moja. Alitazama shingo, akatazama ndani ya mdomo, akauliza maswali, akasema hiyo kitu inatoka. Nitalazwa Januari. Haki nilitaka kumbusu mkono.

Niombee. Tangu uniletee yule kondoo nilipomzaa Mbuvi, na mama yako akanieleza kwamba kwenu mtu akikupa kondoo mnaacha majina, mnaitana Paker mpaka kufa, sijawahi kukuomba kitu ukakataa. Mimi Mkamba nilidhani ni mzaha wa Wamaasai. Kumbe ndio undugu.

Mimi wako,
Muthoki


Kajiado,
24 Novemba 1997

Paker,

Barua yako imefika na gari la mbuzi. Nelson wangu ameikalia njia nzima, kwa hivyo imefika ikiwa moto.

Kwanza nikugombeze. Nani alikwambia mwili ni ugonjwa? Hapa kwetu ukipita, wanawake wanasema huyo mume wake ni mtu wa maana. Wewe unakula kabichi kama sungura, watu watasema Mutinda amefutwa kazi kule kiwanda cha simiti. Acha hiyo maneno.

Pili, naogopa. Nakwambia tu wazi. Mimi nimeona kisu kwa shingo maisha yangu yote, na kila mara ni mbuzi, na mbuzi hakuna aliyeamka. Mzee wangu Moses ananicheka, anasema madaktari wanashona. Sawa, wacha washone. Lakini huyo daktari umemwambia kila kitu? Mbona kwa simu ya kanisa siku ile ulikuwa unahema kati ya neno na neno, na ulikuwa umekaa?

Mvua haijakatika. Watu wa redio wameipa jina, El Niño, kama mtoto wa mtu. Maji yamevuka barabara karibu na Isinya mara mbili wiki hii. Usikose harusi ya Namunyak, binti ya dada yangu, kule Embulbul, tarehe sita. Utakaa na mimi, tutakula, utanionyesha hiyo shingo.

Enkai akulinde.
Naipanoi


Kajiado,
9 Desemba 1997

Paker,

Nimerudi kutoka Embulbul na sijatulia. Sijali bibi harusi alipendeza vipi. Nataka tuongee juu ya ile saa ya baada ya chakula.

Ulisema umechoka, nikakupeleka chumba cha nyuma, nikakulaza kwa kitanda cha mama mwenye nyumba. Hukutaka kulala chali. Nikakusukuma, nikakwambia nyoosha mgongo, wewe ni mgeni. Ulipitiwa na usingizi hata kabla sijakuvua viatu. Ukakoroma, nikacheka, nikasema hii ni trekta. Halafu trekta ikazima.

Nilingoja iwake. Kifua chako kilikuwa kinapanda na kushuka, Paker, kinajikakamua, lakini hewa haikuwa inaingia popote. Niliweka mkono mbele ya pua yako. Hakukuwa na kitu. Midomo yako ikageuka rangi ya maini. Nilikuvuta mabega kwa nguvu zangu zote, ndipo ukavuta pumzi kama mtu anayetolewa kisimani, ukafungua macho, ukaniambia jambo moja tu: "Usimwambie mtu."

Nje walikuwa wanaimba. Mimi nilikaa hapo nimekushika.

Sasa nakuuliza. Hiyo kitu inatokea kila siku? Daktari anajua? Mimi si mtu wa hospitali, lakini kama ukilala chali bila dawa yoyote unafanya hivyo, je, wakikulaza chali na kukupiga sindano ya usingizi ambao hata ukivutwa mabega huamki?

Mwambie. Nakuomba.
Naipanoi


Kitengela,
15 Desemba 1997

Paker,

Wewe ukiona mtu amekula nyama nyingi akalala unadhani amekufa. Ilikuwa joto, na ile nguo ilikuwa imenibana.

Nimeandika hiyo sentensi ya juu, nikaenda nikachochea moto, nikarudi nikaisoma. Ni uongo. Wewe sikuweza kukudanganya hata enzi zile ulikuwa unaniletea maziwa.

Silali kitandani. Tangu Pasaka nalala kwenye kiti, kile cha mbao kilicho karibu na mlango. Nikilala chali hii goita inanikalia kooni kama mtu. Mutinda hajui. Yeye ni wa zamu ya usiku, akirudi asubuhi ananikuta pale kitini na anafurahi, anadhani nimemngoja. Ati anawaambia wenzake kazini mke wake halali mpaka yeye arudi. Nimemwacha aamini hivyo. Ni uongo mzuri, haumuumizi mtu.

Daktari Gakuru aliniuliza, "Mama, unalala vizuri?" Nikamwambia, kama mtoto. Akauliza kama nakoroma. Nikamwambia muulize mume wangu, nikacheka, naye akacheka.

Unajua ni kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nawajua. Ukimwambia daktari unene wako unakusumbua kitu kimoja zaidi, anafunga faili. "Rudi nyumbani, mama." Nimerudi nyumbani mara mbili, na kila nikirudi hii kitu inakua. Nikirudi mara ya tatu itaninyonga nikiwa nakanda unga. Afadhali kisu. Wakishaifungua hiyo shingo watakuwa wameshaanza, hawawezi kunifukuza.

Kwa hivyo usimwambie daktari. Usimwambie Mutinda. Usimwambie Moses, mdomo wake ni mlango wa kanisa. Nakuomba kwa jina la yule kondoo, na wewe ndiwe ulinifundisha kwamba mtu akiombwa hivyo hakatai.

Nitapasuliwa tarehe 27 Januari.

Wako,
Muthoki


Kajiado,
22 Desemba 1997

Paker,

Umenifunga. Ungeniomba ng'ombe wa maziwa ningekupa na ndama wake. Umeniomba ninyamaze.

Nimenyamaza. Moses ananiuliza kwa nini sili, nasema ni jino.

Huku mambo ni mabaya. Kondoo wanatupa mimba, asubuhi unakuta wana wao wamelala kwa matope, na mvua inaendelea tu. Mama mkwe anasema mwaka wa hivi hauishi bila kuchukua mtu. Nilimjibu vibaya, na sijawahi kumjibu vibaya. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Krismasi sitakuja. Nikikuona nitasema, na nikisema nitakuwa nimevunja.

Naipanoi


Kitengela,
19 Januari 1998

Paker,

Nimeshona gauni la kulazwa, la maua ya zambarau, kubwa kama hema la mkutano. Nalazwa Jumatatu tarehe 26, kesho yake mapema naingia ndani. Mutinda ameomba ruhusa kazini.

Hapa hotelini sasa wananiita Filimbi. Nikipanda ngazi ile moja ya jikoni, shingo inalia fii. Ugali haupiti mpaka niusukume na chai. Jana nilikohoa nikiwa nageuza chapati, nikaona giza, nikashika ukuta. Yule kijana wa mjengo akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia chapati yake imeungua, ndiyo nasikitika.

Siogopi. Naogopa kitu kimoja tu, nifike pale mlangoni halafu waniambie rudi. Ukija kuniona Jumatatu njoo na maziwa ya mgando, na ufunge mdomo.

Wako,
Muthoki


Kitengela,
29 Januari 1998

Naipanoi,

Ona nimeandika jina lako. Hilo lingine nimelifuta.

Ulikuja Jumatatu na kibuyu cha maziwa, ukanishika mkono, ukaniombea kwa Kimaasai mpaka wagonjwa wote wakasema amina. Nikasema moyoni, huyu ndiye mtu. Halafu ukatoka, na pale korido ukamshika Daktari Gakuru koti ukamwambia kila kitu. Kiti. Midomo. Embulbul. Mutinda pia alikuwa amesimama hapo akasikia. Unajua amenitazama vipi tangu siku hiyo?

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshavaa ile nguo yao ya kijani iliyo wazi nyuma. Nilikuwa nimesali. Badala ya machela akaja daktari mwenyewe, akaketi kwenye kitanda changu, akasema, "Mama Mbuvi, kwa nini hukuniambia? Itabidi tusubiri kidogo."

Kusubiri! Nikisikia hilo neno masikio yangu yanaziba. Aliendelea kuongea, ati daktari mwingine wa usingizi, ati kifaa sijui gani, ati picha ya shingo. Mimi nilikuwa nasikia tu yule karani wa mzani wa mahindi. Alipoitwa kwa mgonjwa mwingine, nikavaa gauni langu la zambarau nikaondoka. Sikuaga. Mutinda alinifuata mpaka stendi ananibembeleza, nikamwambia akinigusa napiga kelele.

Yule kondoo wako alikufa zamani lakini kizazi chake kiko. Nimemkamata jike mmoja, nimempa Nelson akurudishie. Sasa hatudaiani kitu wala hatuitani kitu. Mimi ni Mama Mbuvi, ukinikuta njiani.

Ulikuwa na mdomo mmoja wa kufunga. Mmoja tu.

Muthoki


Kajiado,
2 Februari 1998

Kwako Muthoki,

Nimeandika jina lako kama ulivyotaka. Kondoo amefika. Nimemfunga kando, sijamchanganya na wengine, kwa sababu sijakubali kumpokea.

Nitukane, lakini soma mpaka mwisho.

Ndiyo, nilisema. Nilipokuona umeketi kwenye kile kitanda cha hospitali, mito mitatu mgongoni, unavuta hewa kwa mabega, kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nilikuwa nimekuahidi, na najua kwetu mtu anayevunja ombi la namna hiyo anaitwa nini. Niite hivyo. Sitakataa.

Lakini hukungoja usikie. Mimi Jumanne hiyo nilikuwa kwenye korido, nikabaki, nikamsikia. Huyo Gakuru hakukufukuza! Aliniambia hivi, na nilimwambia arudie nishike: "Watu wanene nawapasua shingo kila mwezi na wanaenda nyumbani. Unene siuogopi. Naogopa mtu aliyenificha jinsi anavyopumua." Akasema goita yako imebana koo, na ukilazwa chali ukapigwa usingizi kama watu wengine, koo litajifunga, hawatapata pa kupitisha hewa. Wewe watakupitishia mpira wa kupumulia ungali macho, umeketi, wamekuganzisha koo. Ndipo ulale. Kuna daktari mmoja wa usingizi anayeijua hiyo kazi, alikuwa safarini. Ndiye wa kusubiriwa. Na baadaye utalazwa chumba cha kuangaliwa kwa karibu, kichwa kimeinuliwa.

Si kabichi. Si mzani. Ni siku chache tu za kumngoja mtu mmoja.

Kwa kuwa ulitoka bila kuaga, nimempa sanduku la posta la kanisa letu. Atatuma tarehe. Nitakuja nikupeleke mwenyewe, hata kama njia nzima hutanisemesha.

Naipanoi


Kitengela,
10 Februari 1998

Naipanoi,

Barua yako niliipokea juma lililopita. Iko juu ya kabati, sijaifungua. Najua iliyo ndani. Pole, na Mungu, na pole tena. Nitaifungua nikishapona, nikiwa na nguvu ya kukujibu vizuri.

Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia, na hilo linaniudhi sana.

Nimepata mahali. Ni kliniki ndogo hapahapa, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Mama mmoja mteja wangu alitolewa uvimbe wa bega pale akarudi sokoni juma lilelile. Nilipanda ngazi pole pole nikipumzika. Yule daktari ni kijana, safi, ana haraka. Alitazama shingo, akasema, "Hii tunatoa." Nikamuuliza, na uzito? Akasema, uzito wa nini? Hakuniuliza nalala vipi. Hakuniuliza kitu hata kimoja! Nilitoka pale nikijihisi mtu kama watu wengine.

Mutinda hataki. Amenikalia siku mbili, ati turudi kwa Gakuru. Nimemwambia yeye na wewe mkapasuliwe kwa Gakuru.

Ni kesho kutwa, Alhamisi, saa nne asubuhi. Mara hii hakuna mtu wa kushika koti la mtu kwenye korido.

Ukitaka, niombee. Lakini kutoka hukohuko.

Muthoki


Kajiado,
12 Februari 1998

Muthoki, Muthoki,

Nimepata barua yako sasa hivi, saa mbili asubuhi. Gari la mbuzi lililala Isinya kwa sababu ya maji. Nelson hajazima hata injini, nampa hii arudi nayo.

Usilale kwa hicho kitanda! Mutinda, kama ni wewe unasoma, mtoe hapo, mbebe, piga kelele, vunja mlango. Mwambie huyo kijana hawezi kulala chali. Mwambie analala kwenye kiti. Mwambie goita imebana koo, akimpiga sindano ya usingizi kabla ya kupitisha mpira, hatapata njia.

Fungua ile barua iliyo kwa kabati. Gakuru hajakukataa. Neno lake limefika kanisani jana: Jumanne ijayo, tarehe 17, yule daktari wa usingizi amerudi, kitanda kipo. Jumanne, Paker! Siku tano tu!

Nichukie baadaye.
Naipanoi


Kitengela,
18 Februari 1998

Mama Nelson,

Salamu kutoka kwa nyumba yenye msiba. Ulikuwa hapa Jumamosi kwa mazishi lakini hatukuweza kuongea, watu walikuwa wengi. Sasa naandika.

Nelson alifika Alhamisi saa sita na nusu, matope mpaka kiunoni. Alinikuta nimeketi kwenye ngazi za ile kliniki. Yote yalikuwa yamekwisha. Walimlaza, wakamchoma sindano ya usingizi, akalala. Hata kisu hakikumgusa, Mama Nelson. Shingo yake tulimzika nayo nzima. Yule muuguzi aliniambia walijaribu kuingiza mpira mara nyingi na hauingii, na hewa ya ule mfuko wa kubana kwa mkono haiingii, na yeye alipoona rangi ya midomo alianza kusali.

Daktari alitoka, jasho linamtiririka, akaniuliza, "Mzee, kwa nini hamkuniambia halali chali?" Nikamwambia, hukuuliza, nami nilifika amekwisha kulala. Kisha nikaona kwamba na mimi sikuuliza. Nilimkuta kwa kile kiti asubuhi baada ya asubuhi, na nilifurahi, na sikuuliza.

Barua yako ya kabatini nimeifungua mimi. Nimeisoma mara nyingi. Sina neno baya na wewe. Watu hapa wanasema mengi, kwamba rafiki yake ndiye alimfukuzisha hospitali kubwa. Nimewaambia wanyamaze lakini hawanyamazi.

Kuna jambo jingine. Mugure, mke wa ndugu ya jirani yangu, ndiye ananisaidia sasa hotelini ili isifungwe. Yeye pia ni mama wa mwili mkubwa. Tangu mazishi anajifunga leso shingoni, hata jikoni kwa joto. Jana ililegea nikaona. Si kubwa, ni kama yai. Nilimwambia aende kwa daktari, akasema, "Waniue kama Mama Mbuvi? Watu wa mwili wetu hawapasuliwi." Mimi si mtu wa kumjibu.

Ni mimi,
Mutinda


Kajiado,
20 Februari 1998

Baba Mbuvi,

Pole nimeshakupa mbele ya kaburi, sitarudia, kwa sababu nikianza sitamaliza barua.

Wacha watu waseme. Wakikuuliza nani alimwambia daktari, waambie ni Naipanoi, mke wa Moses Lesiamon wa Kajiado, na wakitaka kunitukana njia wanaijua. Nimelia mpaka kichwa kinauma, nimejiuliza kama ningenyamaza angekuwa hai. Hapana. Angekufa Januari badala ya Februari, kwenye meza nzuri zaidi. Nilichokosea ni ile Desemba nzima niliyofunga mdomo, na ile asubuhi niliyomwacha daktari aongee naye peke yake badala ya kukaa pale nimshike, nimwambie katika sikio, hakufukuzi, sikiza mpaka mwisho. Nina hasira, Baba Mbuvi. Nina hasira na yule karani, na wale madaktari wawili waliomrudisha nyumbani wakidhani wanamsaidia. Nina hasira naye pia. Nilimwambia hivyo nikiwa nafunika udongo, ulisikia?

Sasa huyo Mugure. Mwambie hiyo leso aitoe, hakuna asiyejua. Goita ya yai inatolewa vizuri, hata kwa mtu wa mwili, ikiwahiwa na ikisemwa. Jumatatu nakuja na gari la mbuzi. Nitamchukua pale hotelini nimpeleke kwa Gakuru, na mara hii naingia ndani naye, naketi karibu naye. Atamwambia yule daktari anavyolala, anavyokoroma, anavyohema kwenye ngazi, kila kitu. Akidanganya neno moja, nitalisema mimi, hapo hapo mbele yake.

Atanichukia. Najua atanichukia, nimeshaona inavyokuwa. Basi anichukie, lakini awe hai.

Naipanoi